Tope Nililolianika Kama Usipa

Mjukuu wangu Tumaini,

Marahaba. Huku Kihagara hatujambo; shangazi yako anavuna muhogo.

Unauliza kama umwambie mwalimu wako kuwa umeharibu sampuli. Nilipokuwa kibarua wa mtafiti mmoja, aliniachia nitunze tope jeusi la ziwani, ili baadaye alipime kwa umeme ajue lina madini gani ya chuma. Nikalianika juani kama usipa, wale dagaa wa ziwa letu. Likageuka kahawia, chuma kilikuwa kimeshika kutu, na kipimo kingedanganya. Kwa hofu ya kufukuzwa, nikanyamaza.

Hatimaye nikasema: "Dokta, tope nimeliharibu. Nililianika."

"Ulitaka kulikaanga?" Akacheka, akabeba ndoo. "Twende tukachote jingine."

Shajara yangu inaonyesha nilinyamaza siku nne. Wewe usifikishe hata siku ya pili; mwambie mwalimu wako.

Bibi yako