Mionzi Haikubaki Mwilini Mwako

Mama,

Shikamoo. Mkono umezoea, umeandika salamu kabla sijakumbuka kwamba hutaitikia.

Nina aibu, Mama. Tangu tukuzike nazungukia nyuma ya soko la Ikungi ili nisikutane na wanaume waliokuwa uani kwetu siku ile. Wewe ulifungua duka la kanga mara tu biashara ilipoachiwa huru, ukasimama nyuma ya kaunta hadi nguvu zilipokuishia, na hakuna mteja aliyejua unaumwa wapi. Uliporudi kutoka kuchomwa mionzi Dar es Salaam, ulinishika mkono palepale stendi. "Zuhura, wakikuuliza waambie tumbo." Nikasema ndiyo, Mama.

Asubuhi uliyofariki maji yalishakuwa tayari, sanda imeletwa, na hakuna aliyeinuka. Nikadhani wanamsubiri mtu. Mama Mdogo Hadija akanivuta pembeni. Bi Mwanaidi, anayeosha maiti za wanawake mtaani kwetu, anaogopa. Amesikia kwamba mionzi ikimwingia mtu haitoki, na anayemgusa naye anaipata. Wenzake walikuwa wameshasogea mbali na mlango wa chumba chako. Baba Mkubwa Athumani akashauri usioshwe, utayamamishwe kwa vumbi tu, na atakayefanya avae glavu.

Glavu, Mama. Kwa ajili yako.

Nikatoka uani nikaanza kufundisha. Ndiyo, kufundisha, kwa sauti ileile ya darasa la fizikia, na wewe umelala ndani.

Niliwaambia ile mashine ina kobalti ndani yake, na kwamba kila atomi ya kobalti ile ina kiini kisichotulia. Kiini kikifikia zamu yake hutoa mionzi, atomi ikageuka kuwa nikeli iliyotulia. Hakuna anayeweza kusema kipi kitafuata. Ila kwa kuwa ni vingi mno, inajulikana kwamba baada ya miaka mitano na ushee nusu yake itakuwa imegeuka, na baada ya mingine kama hiyo, nusu ya ile iliyobaki. Ndiyo sababu ulilalamika kwamba wanakulaza chini ya mashine muda mrefu. Kobalti yao ilikuwa imechoka. "Lakini kobalti imebaki Dar es Salaam," nikasema. "Mama alimulikwa tu. Ukizima tochi, uliyemmulika haendelei kuwaka."

Baba Mkubwa akaniangalia. "Na hiyo kobalti ilizaliwa na mionzi?"

Nikasema hapana, ilikuwa kobalti ya kawaida, ikawekwa kwenye kinu cha nyuklia ikapigwa na nyutroni.

"Sasa kama kobalti ilipigwa ikawa hivyo, shemeji naye kapigwa. Kwa nini asiwe hivyohivyo?"

Watu wakaguna. Na mimi, Mama, nililifurahia lile swali. Hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuniuliza swali zuri kama lile. Nikausahau msiba. Nikaeleza kwamba nyutroni huingia kwenye kiini ikakaa humohumo, kiini kikaongezeka uzito, kikakosa utulivu. Mionzi uliyopigwa wewe haikai. Mingine hupita, mingine nguvu yake huishia mwilini ikiua seli za uvimbe, lakini kwenye viini haiongezi kitu.

Mtu mmoja nyuma akauliza, "Uvimbe wa wapi?"

Nami, nikiwa bado nimepamba moto: "Shingo ya kizazi."

Shemeji zako wakatazama chini. Mama Mdogo akajifunika uso kwa kanga.

Lile swali halikuhitaji jibu. Ningesema "ndani" na ingetosha. Ulilolificha hadi kwa mdogo wako wa damu, nililimwaga mbele ya wanaume kwa sababu nilikuwa naeleza vizuri.

Ni Bi Mwanaidi aliyeinuka. "Basi kama ni hivyo, leteni maji." Alikuosha kwa mikono mitupu, bila haraka, mimi nikimmiminia. Alipofika nyongani, pale ngozi ilipokuwa nyeusi kwa mionzi, akaulegeza mkono kama anayeosha mtoto mchanga. Nililia nikiwa nimeshika kata.

Arobaini ilipopita, Saida muuza chapati alikuja dukani kwako, ninapouza jioni nikitoka shule. Akaomba uzi mweusi, akaupokea, hakuondoka. "Mwalimu, mama yako dalili zilimwanzaje?" Naye ana dalili, na hajawahi kumwambia mtu. Tulipanda basi pamoja hadi hospitali ya Singida mjini, na sasa wamempa rufaa ya Dar es Salaam. Wamesema kwake ni mapema.

Mama Mdogo anasema hilo linafuta yote. Halifuti. Saida angeweza kupona bila mimi kukuvua nguo mbele za watu. Au labda asingeuliza. Sijui, na sitajifanya najua.

Shule ikifungwa nitamsindikiza. Nitakaa naye kila siku ya matibabu, na atakayeniuliza anaumwa nini, nitamwambia amwulize mwenyewe.

Lala, Mama. Ijumaa nitakuja kaburini. Sitakuja na maelezo. Nitakuombea dua, ninyamaze.

Mwanao,
Zuhura