Nilikalia Nafasi ya Mama Yako

Furaha, mujukuu wangu,

Sisi tuko. Mbuzi amezaa, tonton wako, kaka ya mama yako, anakohoa na dawa hataki. Na wewe huko Kalehe, unakula?

Barua yako imenikasirisha. Rafiki yako ana mimba, shule imemufukuza, na wewe unaniuliza kama sheria inaruhusu!

Mama yako naye walimufukuza hivyo hapa Bukavu, wakatupa benchi yake inje. Sheria ya watoto ilibandikwa ukutani, nyuma ya prefe, mukubwa wa shule. Kusoma sijui, hata barua hii tonton wako ndiye ananiandikia, lakini mama yako alinisomea: musichana mwenye mimba asifukuzwe shule. Nikafunga benchi kwa kamba, kamba nikaipitisha kwenye paji la uso, nikaibeba mugongoni kama gunia la mihogo, nikaingia darasani, nikakaa. Watoto wakacheka. Prefe akaja mbio:

“Maman, unafanya nini hapa?”

“Ninalinda nafasi ya mutoto wangu. Karatasi yako ya ukutani haina makalio. Mimi niko nayo.”

Siku tatu nilikaa. Ya ine, prefe akachoka, mama yako akarudi.

Ile mimba ilikuwa wewe, Furaha. Halafu unaniuliza! Muende na maman wa rafiki yako, mukae. Wakikataa, nitakuja na kamba yangu.

Koko wako