Uzito ya Bwalya

Katuba, Lubumbashi
Tarehe 24, mwezi wa kumi na moja, 1974

Mupendwa mudogo yangu Virginie,

Yambo sana! Nakusalimia na furaha yenye haienee mu bahasha. Afya yako iko namna gani? Ile homa yenye ulisema imekwisha kweli, ao unanificha? Bwana yako Alexis anarudia muzuri ku uvuvi? Na mama mukwe yako, magoti yake inamuacha alale? Sisi huku tuko bazima. Mvua imeanza, manyasi inaota mpaka pa mulango. Bwana yangu Adalbert anakohoa kidogo, lakini ni kikohozi ya tumbako, usimuhurumie.

Barua yako ilifika, na mufuko ya samaki kakavu pia. Aksanti mingi. Niliona umeandika ku bahasha Citoyenne Ngosa, ni kusema raia Ngosa, sawa vile serikali inataka siku hizi. Muzuri, posta banapenda ile. Lakini mu barua yenyewe uniite Honorine. Miye niko yaya yako, dada yako mukubwa, siko mukubwa wa chama.

Sasa ukae ku kiti. Bwalya anatembea! Anatembea, anakimbia, anaiba karanga, anagombana na kuku ya jirani. Nywele yake inarudia nyeusi. Na juma hii, siku ya ine, mbele ya bageni ya inchi tatu, mutoto yako alitushindia. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikapotea. Adalbert anasema nyumba haijapata kuwa na amani sawa hii.

Unakumbuka vile ulimutuma mu mwezi wa tatu, kutoka Pweto mu kamio, ile lori ya samaki ya Mama Constance. Alimushusha pa mulango yangu, akageuza macho. Virginie, nilikuwa sijaona mutoto wa vile mu jamaa yetu. Miguu ya kuvimba, nywele nyekundu sawa ndevu ya mahindi, hataki kusimama, hataki kucheka. Na pamoja naye ikafika neno ya mama mukwe yako: eti wewe ulitembea inje ya nyumba wakati ulikuwa unanyonyesha, njo sababu mutoto amevimba. Eti akikufa, jamaa yote itajua, na Alexis atakurudisha kwetu na byungu yako ku kichwa.

Ile neno iliniuma mu mifupa. Kesho yake nikamubeba Bwalya mpaka ku foyer, ile nyumba bamama ya Katuba banafundishwa kushona, kulisha batoto na kubapima kilo. Mukubwa wa pale ni Mama Kapya, mwanamuke mufupi mwenye kinywa kali. Nikamuambia ile neno yote. Alifinya muguu wa mutoto na kidole, shimo ikabaki pale. Akaniambia: "Hapa hakuna uzinzi. Hapa kuna bukari tupu, ugali pasipo mboga, kila siku bukari tupu." Nilitaka kumukumbatia.

Basi tukaanza. Uji mara tano ku siku: unga ya mahindi, karanga ya kutwanga, na samaki ya kwenu tunaiponda mpaka inakuwa vumbi. Hii akili ya kuponda samaki haikutoka kwetu. Ni bamama ya Kitwe, kule Zambia, balituonyesha mwaka jana. Sisi tulibafundisha kukata kanzu ya batoto pasipo kutupa kitambaa, na bale ya Burundi balituletea namna ya kupika maharagwe mpaka mutoto mudogo anaimeza bila kuumwa tumbo. Kidole moja haivunje chawa, bazee hawakudanganya.

Lakini kuna jambo nilikuficha, unisamehe. Juma mbili ya kwanza uzito ya Bwalya ilishuka! Kutoka kilo nane na nusu mpaka saba. Nililia, nikaona tayari namuzika. Mama Kapya akanigombeza: ile yenye inatoka ni maji ya kuvimba, nyama itakuya nyuma. Sikumuamini. Miye nilikuwa nachukia ile karte ya kupima, ile karatasi kwenye Mama Kapya anaandika kilo, na ule mustari wake unashuka sawa muntu anateremuka mu kisima. Kisha mustari ukarudia kupanda, polepole, mwezi kwa mwezi, mpaka kilo tisa na nusu.

Sasa sikia upumbavu ya yaya yako. Bamama ya Zaire, ya Zambia na ya Burundi balipatana kutafuta nafasi moja, kwenye balimu ya jamaa na ya batoto badogo ya inchi zote tatu batakuwa banakuya kujifunza pamoja. Bajumbe yabo balipita kwanza mu miji mingine. Siku ya ine ilikuwa zamu ya Katuba.

Na unajua kwetu. Mugeni akikuya, unaazima sahani kwa jirani, na ile ya kupasuka unaisukuma chini ya kitanda. Njo vile tulifanya, lakini na batoto! Asubui bamama balianza kubadilishana batoto mu lupango, ile uwanja ya foyer, mwembamba kwa munene, pasipo kumuambia Mama Kapya. Na miye, Virginie, nilimuacha Bwalya mu jiko ya foyer juu alikuwa angali mwembamba. Nikaazima binti wa Régine, jirani yangu, mwenye mashavu sawa mandazi, nikakaa naye mu benchi ya mbele, karte ya Bwalya mu mukono. Nilijiona mwerevu.

Tukaimba, tukacheza sawa chama inapenda, bageni bakaingia. Pale pale batoto ya kuazima bakaanza kulia. Kila moja ananyoosha mikono kwa mama yake wa kweli, ule mwenye amekaa ngambo ya pili ya chumba na mutoto wa mwingine! Eh, mama! Soko ya mbuzi iko na kimya kuliko ile.

Mukubwa wa bageni alikuwa Mama Mulenga, munganga wa batoto kule Kitwe. Hakucheka. Alishika karte yangu, akapandisha binti wa Régine ku mizani: kilo kumi na tatu. Akasoma karte: juma yenye ilipita, tisa na nusu. Akaniuliza na Kibemba, polepole, kama kwetu Zaire tunalisha batoto mbolea.

Haya ikanipanda mpaka mu masikio. Nikamutazama Mama Kapya, naye alikuwa anatazama chini. Miezi nane ya kazi yake, na miye nimeifungia mu jiko. Mutoto wa ndugu yangu, mwenye alikataa kufa, na miye namuficha sawa sahani ya kupasuka! Nikasimama. Nikasema: "Mama, huyu si Bwalya. Bwalya iko mu jiko. Nilimuficha miye mwenyewe."

Nikaenda kumutafuta. Alikuwa amekaa karibu na sufuria, uji mpaka mu nyusi. Nikataka kumubeba, akanipiga na kijiko. Hakutaka kubebwa! Akatoka mbele yangu, akaingia mu chumba kubwa na miguu yake, katikati ya bale bantu bote, kijiko mu mukono, tumbo mbele sawa mukubwa wa kiwanda. Hata bale batoto ya kuazima bakaacha kulia, bakageuka kumutazama.

Bakamupima: kilo tisa na gramu mia saba. Mama Mulenga akaweka kidole yake pale mustari unashuka, pale pa haya yangu, akainua karte bantu bote baone. Akasema mu miji mingine balimuonyesha batoto banene, lakini kwetu amemuona mutoto mwenye amepona, na muntu mwenye aliandika ile mushuko pasipo kudanganya njo mwalimu yeye anatafuta. Mama Kapya akaanza kulia, na kinywa yake yote ile! Bamama ya Burundi bakaomba karte, bakainakili mustari kwa mustari.

Mbele ya chakula ya saa sita ilikwisha kuamuliwa. Nyumba ya masomo itakuwa hapa, Katuba, na Mama Kapya njo atafundisha bale balimu ya inchi tatu. Tumeshinda, mudogo yangu! Tumeshinda! Kila mama akarudisha mutoto wa benyewe. Régine ananicheka mpaka leo, ananiuliza kama siku ingine nitaazima na bwana yake.

Bwalya atarudia kwenu na kamio ya Mama Constance, siku ya posho, ile Jumamosi ya tarehe 14 mwezi unaokuya. Namupatia kanzu mbili na karte yake. Uendelee na uji, mara tano, usichoke. Na Mama Kapya anakutuma: ufundishe bamama ya Pweto. Munauza samaki yote, kisha batoto banabakia na bukari tupu. Samaki iko pa mulango yenu! Kila mama abakize samaki ya kujaza mukono moja, kisha auze.

Salamu mingi kwa Alexis, mwambie bibi yake iko na jamaa nyuma yake. Salamu kwa Baba Kalaba na miguu yake ya kuuma, kwa Agnès na bapacha yake, na kwa bote ya kwetu bale bangali banatukumbuka. Adalbert anakusalimia pamoja na kikohozi yake. Mungu alinde nyumba yako, na bale mwenye kuinuka juu yako abakalishe chini.

Neno ya mwisho. Siku kamio itafika, jamaa yote itakuwa inangojea, na mama mukwe yako mbele. Usimujibu ile neno yake. Usilie, usimutukane. Umuwekee tu Bwalya mu mikono, na umuache abebe mpaka achoke.

Ni miye, yaya yako wa damu, mwenye kukupenda siku zote,

Honorine