Bega la Mama na Vitundu Vitatu

Mwanakuu, shoga, huyu daktari wa mabega simwamini! Simwamini hata kidogo!

Ati atamtoboa mama vitundu vitatu begani, atie kamera, ashone mshipa uliochanika, na jioni mama arudi zake nyumbani. Namuuliza, "Umeshafanya wangapi?" Ananichekea: "Wengi, dadangu."

Wengi!

Hakumwambia mama hata ainue mkono. Alimbonyeza tu juu ya buibui: "Ni hapa?" Mama akaitika, "Naam daktari, papo hapo." Upasuaji Alhamisi.

Tumefika Ndia Kuu tukirudi nyumbani, mama ananiambia, "Linaloniuma ni la kushoto. Yeye alibonyeza la kulia."

Mbona hukusema?!

"Daktari mzima, nimtie haya mbele ya wauguzi wake?"

Nitafutie bingwa mwengine, huko nitajibu mimi. Lakini wale wengi wake, Mwanakuu, walitobolewa bega lipi?