Mstari Mmoja wa Jina la Mke

Emilienne weee, uko hapo? Nyanya Feza ametoka kuniambia jambo la 1956, wakati wa Wabelgiji.

Babu Faradji alikuwa na wake wawili, Amisa na huyu Feza. Yeye na majirani tisa wa Kasongo waliomba mkopo wa kujenga nyumba za matofali. Mkopo mmoja kwa wote kumi. Mmoja akikosa, wote wamekosa!!

Siku ya kutia sahihi Feza amesimama mlangoni, ana mimba ya mama yangu. Karani anauliza, "Faradji, bibi yako ni nani?"

"Niko nao wawili, bwana."

"Karatasi inataka mumoja. Wa pili hana ruhusa ya kukaa mule ndani ya nyumba."

Mmoja, Emilienne! MMOJA!

Babu akaomba siku tatu za kufikiri. Karani akasema Mzungu wa mkopo anaondoka leo. Majirani wakamshika mikono: "Faradji, utuhurumie, tuko na watoto." Watu tisa! Angefanya nini?

Akasema, "Amisa." Sauti haikutoka vizuri, karani akamwambia arudie. Akarudia. Feza akasikia mara mbili.

Nyumba zilijengwa. Babu akamsindikiza Feza kwa wazazi wake, kijiji cha Wamaza, kwa miguu, mzigo wote wa Feza kichwani mwake yeye mwanaume, mji mzima unatazama.

Nikamuuliza, "Ulimchukia?"

"Nimuchukie kwa nini? Njia yote alilia kuliko mimi."