Kipanya cha Kitufe Kimoja na Mama Aliyenishinda Darasani

Kwako Dada Nduta wa ukurasa wa ushauri, nisaidie haraka kwa sababu aibu niliyo nayo siwezi kumwambia hata mke wangu. Mimi ni mwalimu wa kompyuta hapa Kitengela, nina miaka thelathini na tisa, nimefundisha Windows tangu 1998 na watu huniita Engineer ingawa sijawahi kufungua hata redio, na njia yangu ya kufundisha ni moja tu, wanafunzi waandike kwenye daftari "peleka kipanya kona ya chini kushoto, bonyeza Start" halafu wakariri, maana hata mimi nilikariri hivyo hivyo.

Sasa mwezi wa pili mwaka huu wa 2004, mwenye chuo, Madam Nelima, aliletewa na wageni wa kanisa kompyuta sita aina ya Macintosh, za rangi rangi kama peremende, akaniambia, "Mwalimu Musila, Jumatatu unaanza nazo darasa la watu wapya." Nikawasha moja nikiwa peke yangu, nikatafuta Start, hakuna, menyu zote ziko juu ya skrini, pa kufungia dirisha pako kushoto, na kipanya kina kitufe kimoja, Dada, kimoja! Nikafikiri kingine kiling'oka safarini, nikapeleka vipanya vyote sita kwa fundi wa redio pale stage ya matatu, akanicheka, akasema vimeundwa hivyo, akanirudishia.

Jumatatu akaja Mama Munyiva, miaka hamsini na sita, muuza maharagwe sokoni na katibu wa kikundi cha maji cha akina mama, hajawahi kushika kompyuta, anataka tu kuchapa katiba ya kikundi wakaandikishwe na serikali huko Kajiado. Nikiwa bado natafuta uongo wa kusema, yeye alishasukuma kipanya, akaona neno "File" huko juu, akabonyeza, akasoma yaliyoteremka, na kufikia Jumatano alikuwa amemaliza katiba yote na kuihifadhi. Akaniuliza mbele ya watu, "Mwalimu, mbona unatafuta kwa kona na imeandikwa hapa juu?" Darasa lote likacheka.

Nilikasirika, Dada. Nikamwambia Madam mashine zina virusi, nikazifungia stoo katiba ikiwa ndani, nikamhamisha Mama Munyiva kwa Windows, na kila akigusa kitu ambacho sijataja namkatiza, "Ngoja niseme kwanza!", mpaka siku moja akafunga leso yake akasema, "Kumbe mimi ni mjinga," akaenda, na hii ni wiki ya tatu hajarudi. Mwisho wa kuandikisha vikundi ni tarehe thelathini mwezi huu, na Ijumaa Madam ameita mtu wa skrapu aje kuzibeba mashine zote sita. Nikisema ukweli nitafutwa. Nifanye nini?

Musila, Kitengela

NDUTA ANAJIBU

Musila, nilicheka mpaka mhariri akaja kuuliza kama niko sawa. Halafu nikafika mahali mama wa watu anajiita mjinga, nikaacha.

Kuchanganyikiwa si kosa. Miaka sita vidole vyako vimezoea kona moja, kwa hivyo kila kilichohamishwa kinakuumiza. Yeye hakuwa na mazoea ya kumsumbua, alisoma tu kilichoandikwa. Hata hiyo Windows angeijua kama usingembwekea. Kosa lako ni kumvunja moyo mtu mwenye akili ili wewe uendelee kusifiwa.

Kesho, kabla hata ya chai, ingia kwa Madam Nelima useme, "Mashine ni nzima, mimi ndio sikuzielewa." Usiongeze neno. Atapiga kelele, kelele hizo umezitafuta mwenyewe, zivumilie. Kisha toa hiyo katiba kwenye mashine, uichapishe kwenye karatasi, uende nayo sokoni na umwombe Mama Munyiva msamaha mbele ya wauzaji wenzake, kwa sauti ile ile uliyomkemea nayo. Akikubali kurudi, keti kando yake ufunge mdomo.

Nyongeza: Jibu hili nilimsomea Musila kwa simu siku ile ile barua yake ilipofika; gazeti likingoja kuchapwa, nilimpigia tena. Mtu wa skrapu alirudi bila mzigo. Kikundi kimeandikishwa, siku mbili kabla ya mwisho. Kazi hajapoteza, ila darasa la Macintosh amepewa Mama Munyiva, Jumanne na Alhamisi, na Musila anakaa dawati la mbele kama wengine.

Nikamuuliza, "Na mwalimu wako anakukemea?"

"Hapana," akasema. "Ananingoja nisome mwenyewe."