Mwisho Niliokusomea, Ndeshi

Lanham, Alhamisi, baada ya chakula cha mchana

Ndeshi, mdogo wangu,

Nimekaa kwenye kiti changu huku chini, besimenti, na kiti chako kiko mbele yangu. Upendo alitaka kukitoa. Nilimkatalia, akadhani ni majonzi. Sikumwambia mwanangu kwamba kila siku ikifika saa nane, saa uliyozoea kuketi hapo ukingoja nifungue kitabu, nakusikia unaniuliza, "Halafu?" Akili yangu ni nzima, daktari ameipima. Nasikia tu, sauti yako ile ile, ya mtu aliyecheleweshewa chakula. Tangu tukuzike unaniuliza, nami najifanya kiziwi. Leo nakujibu, kwa sababu figo zangu zimekwisha na juzi daktari alimwita Upendo pembeni. Nilifundisha shule miaka thelathini. Najua watu wakiitana pembeni huwa wanasema nini.

Unakikumbuka kitabu. Tulikiokota kwenye meza ya vitabu vikuukuu pale kanisani, riwaya nene ya Kiingereza, mambo ya Ulaya ya zamani, ngome na farasi na mapanga. Juu ya jalada kulikuwa na mtu aliyevaa chuma mwili mzima. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Dada, huyu amevaa masufuria! Akiteleza mtoni, nani atamtoa?"

Kiingereza chako kilikuwa cha dukani tu, kwa hiyo nilisoma kwa macho kwa Kiingereza na kwa mdomo nikakusimulia kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, mpaka wajukuu warudi kutoka shule. Majina ya wale ndugu wawili yalikushinda, ukawaita Mkubwa na Mdogo. Mkubwa alikwenda vitani akamwachia Mdogo ngome ya baba yao. Maadui walipoizingira, Mdogo alifungua lango. Baba yao akauawa. Mkubwa aliporudi aliapa mbele ya altare kwamba atamtafuta ndugu yake popote alipo na kumwua.

Kitabu kizima anamtafuta. Theluji ya milimani, wanyang'anyi wa msituni, mto uliofurika. Na kila alipokwama, mtu asiyemjua alimwokoa. Mara mtawa mzee, mara mjane, mara yule mwenye ukoma aliyemfunika kwa blanketi lake la pekee. Ulisimamisha kisu hapo, ulikuwa unakata mchicha, ukasema, "Ona mambo hayo. Mungu anamlisha njia nzima, naye hajui anapelekwa wapi." Mimi ndiye mzee wa kanisa. Mimi ndiye niliyewafundisha akina mama habari za neema kila Jumatano. Sikuwa nimeliona.

"Wewe ni macho yangu, Dada," ulikuwa ukiniambia. Hukuuliza hata siku moja kama ninayosema ndiyo yaliyoandikwa.

Nilijua kwa nini kitabu kile kilikushika. Ulikuwa ndani ya ndege, ukirudi huku ugenini kutoka msiba wa shangazi kule nyumbani, mumeo, Baba Elia, alipoanguka. Madaktari walimwambia Elia kwamba baba yake ameshaondoka, iliyobaki ni mashine inayompumulia. Elia akaweka sahihi, mashine ikazimwa. Ulipotua ukauona uso wa mwanao pale uwanjani, ukajua kabla hajasema. "Saa tisa tu," ulikuwa ukirudia. "Alishindwa kumwacha baba yake kwenye mashine kwa muda wa saa tisa, nije nimuage?" Baada ya mazishi ulifunga mizigo, ukaihama nyumba yake ya Falls Church, ukaja kwangu ng'ambo ya mto. Kila Jumapili alipiga simu. Nilikuletea simu sikioni nawe ukageuzia uso dirishani.

Sasa lile ambalo sijamwambia hata mchungaji.

Zilikuwa zimebaki sura mbili. Moyo wako ulikuwa umeanza kuchoka, ulipanda ngazi kwa vituo. Uliniambia, na nakumbuka ulikuwa umeshika kikombe cha chai kwa mikono yote miwili: "Dada, nimemwambia Mungu neno. Mkubwa akimsamehe ndugu yake, nami nitampigia Elia. Asipomsamehe, basi, nisisumbuliwe tena."

Nilikucheka. "Ndeshi, hiki ni kitabu cha hadithi, si nabii."

Ukasema, "Mungu hachagui mdomo. Wewe soma."

Hukujua kwamba wiki ile Elia alikuwa amenipigia mimi. Alikuwa ametengeneza chumba cha chini nyumbani kwake, chenye dirisha kubwa na choo chake, ili usipande ngazi. "Mama mkubwa, akikubali tu, nitakuja kumchukua siku hiyo hiyo," alisema. Nilikata simu, nikatazama besimenti hii. Upendo yuko kazini hospitali mchana kutwa. Wajukuu wananielewa nikiwaambia kitu, lakini wananijibu kwa Kiingereza wakiwa wameshafika katikati ya ngazi. Wewe pekee ndiye uliyekuwa ukiniita kwa sauti ya nyumbani. Niliona nitakavyobaki na televisheni.

Mtu anayesoma lugha moja akasema nyingine, jicho lake hutangulia ulimi. Mistari miwili, mitatu. Siku ile ya mwisho jicho langu lilifika mahali Mkubwa anapofungua mlango wa chumba cha wagonjwa, kule kwenye nyumba ya watawa, na kumkuta ndugu yake amepiga magoti akiosha vidonda vya mtu. Nikaona kinachofuata. Ulimi wangu ulikuwa bado mlangoni.

Ndeshi, nilirudia mistari ile kwa macho. Ukasema, "Halafu?"

Nikakusomea hivi: Mkubwa alimtazama ndugu yake, hakusema neno, akarudi kwenye farasi wake, na watawa wakafunga lango nyuma yake. Mwisho. Nilikifunga kitabu. Mikono yangu ilikuwa imetulia kabisa, na hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo.

Hukulia. Ulikaa. Kisha ukasema, "Hata yeye. Na njia yote ile aliyobebwa." Ukakunja kitenge juu ya magoti yako, ukanigusa mkono. "Asante, Dada. Umesoma vizuri."

Elia alipopiga Jumapili iliyofuata, hukugeuzia uso dirishani tena. Ulisema tu, kwa upole, "Mwambie asipige." Nami nikamwambia. Wiki ya tatu Upendo alikukuta mezani, maharage yamechambuliwa nusu.

Kwa muda nilijipa sababu za kidini. Nilisema msamaha rahisi si msamaha, nilisema nilikulinda usije ukaumia tena. Maneno ya mwalimu. Ukweli ni kwamba nilitaka ubaki. Ulibaki siku ishirini na moja.

Tangu hapo mambo yamebadilika. Siku tatu kwa wiki napelekwa Landover kusafishwa damu. Siku mbili linakuja gari la wagonjwa. Jumamosi anakuja Elia. Ndiyo, Elia wako. Anatoka Falls Church asubuhi, anaizunguka barabara kuu ya Beltway mpaka hapa, ananifunga mkanda kama mtoto, anaweka fremu yangu ya kutembelea nyuma ya gari. Hakuombwa. Aliniambia, "Wewe ulimtunza mama yangu wakati mimi sikuruhusiwa." Kila akisema hivyo nahisi kama mtu ananivisha nguo ya marehemu.

Aliniuliza mara moja kama ulimwachia neno. Nikasema, "Alikuwa amechoka, baba." Akaitikia kwa kichwa. Nikaongea habari za foleni.

Siku moja mjukuu wangu mdogo alimwonyesha kitabu, akamwambia kwamba Bibi Ndeshi alikuwa akisomewa hiki kila siku. Elia akaomba akiazime. Ningesemaje? Nilimpa kwa mkono wangu.

Jumamosi iliyopita alikuwa amekimaliza. Tulikuwa barabarani, tunakaribia njia ya kuingia Landover. Akauliza, macho mbele, "Mama mkubwa, Mama alikisikia mpaka mwisho?"

Nikasema, "Mpaka mwisho."

Aliwasha taa ya kukata kona. Kisha akasema, "Kwa hiyo alisikia yote yale. Alimsikia yule bwana akisamehe. Na bado hakutaka kunisikia."

Ndeshi, nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba nilikuibia wewe tu. Sikuwa nimewaza kwamba mtoto angesoma mwisho wa kweli, akadhani mama yake aliusikia akaukataa. Nikaona ataondoka na hilo, na atalibeba mpaka na yeye awe mzee kwenye kiti.

Nikamwambia. Sikupamba. Nilimwambia nilichokusomea na kilichoandikwa, na chumba chenye dirisha, na kwamba niliogopa kubaki peke yangu. Nikamwambia na lile neno lako.

Alikuwa ameshasimamisha gari mbele ya mlango wa kliniki. Mikono ilikuwa bado kwenye usukani. "Alisema atanipigia? Kwa maneno hayo?"

"'Nami nitampigia Elia.' Kwa maneno hayo."

Alilia, mdogo wangu. Mtu mzima mwenye mvi, ndani ya gari, bila kujificha. Sikuthubutu kumgusa. Alipomaliza alishuka, akatoa fremu, akanishika kiwiko kama kila mara, akanifunga vifungo vya koti kwa kuwa kulikuwa na upepo. "Ingia, Mama mkubwa, utachelewa mashine." Hakunitazama. Nilipotoka baada ya muda wa saa nne, aliyekuja kunichukua alikuwa Upendo. Tangu hapo simu ya Elia kimya.

Haya, nikusomee sasa. Kitabu amebaki nacho, lakini sihitaji kitabu, nimekaa na ukurasa ule muda wote huu.

Mkubwa anafungua mlango. Mdogo anainua uso, anauona upanga, anaweka chini kitambaa, anasogea kando ili damu yake isimrukie yule mgonjwa. Hajitetei. Anainamisha shingo. Mkubwa anasimama. Halafu anaona mikono ya ndugu yake imechubuka kwa maji ya moto, na anauliza, "Umekula?" Ni hilo tu. Mkubwa anavua chuma chake, kipande kwa kipande, na inamchukua muda kwa sababu hakuna wa kumsaidia. Anakaa sakafuni, wanakula uji katika bakuli moja. Baadaye sana ndipo Mdogo anaeleza kwa nini alifungua lango, kwamba watoto ndani walikuwa wanakufa kwa kiu. Lakini alisamehewa kabla hajaeleza, Ndeshi. Mwandishi ameliweka wazi. Kabla.

Hivyo ndivyo kilivyoisha. Ungempigia kabla chai haijapoa, nakujua.

Kesho kutwa ni Jumamosi. Sijui nani atakuja. Upendo amesema atapiga simu kuuliza, nimemzuia. Nakuahidi jambo moja, na hili ni la mwisho. Sitamwomba Elia anisamehe kwa sababu nakufa. Sitamtuma mchungaji, sitamtuma mtoto, sitakohoa kwenye simu ili anionee huruma. Asipokuja nitapanda gari lolote litakalokuja, na sitamsema kwa mtu. Akija, nitamwachia yeye aanze.

Na kwako pia ni hivyo hivyo. Nikifika huko, sitaingia kwako kwa kuwa mimi ni dada mkubwa. Nitakaa nje, na muda wote utakaotaka kunyamaza, nyamaza. Kwaheri, mdogo wangu.

Dada yako